Cessna ni ndege gani? Ukitajiwa jina, uliza namba

Hapa Dodoma, kindege chenye pangaboi moja kikipita juu ya paa, mtoto yeyote atakwambia, "Cessna hiyo!" Mara nyingi hakosei. Lakini ni sawa na kuona gari linapita barabara ya Iringa ukasema "Toyota hiyo." Ni kweli, ila bado hujajua kama ni Vitz ya kwenda sokoni, Noah iliyojaza familia, au Land Cruiser ya kwenda Mpwapwa wakati wa masika. Cessna ni jina la kiwanda. Ndege yenyewe hujulikana kwa namba, na kwa mtu anayepanda ndege ndogo katika nchi yenye joto na mwinuko kama yetu, namba hiyo ni habari muhimu kuliko jina.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1927 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Mwanzilishi ni Clyde Cessna, mkulima na fundi aliyejiundia ndege yake ya kwanza mwaka 1911. Ukoo wa ndege tunazoziona leo ulianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa modeli 120 na 140 za mwaka 1946. Siku hizi jina la Cessna liko chini ya kampuni ya Textron Aviation.

Zipange kwa ukubwa. Chini kabisa zipo 150 na mdogo wake 152, za viti viwili: mwanafunzi na mwalimu wake, mabega yakigusana. Injini ya 152 ina nguvu ya farasi 110 tu. Inafuata 172, ya viti vinne, ambayo zimeundwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Ni ndege mvumilivu mno. Kati ya mwaka 1958 na 1959 marubani wawili walikaa nayo angani huko Las Vegas siku 64 bila kutua, wakipokea mafuta na chakula kutoka kwenye gari lililokimbia chini yao. Kisha 182, nayo ya viti vinne lakini yenye kifua, farasi 230. Halafu 206, ya viti sita na farasi 300. Juu ya hizo ipo 208, iitwayo Caravan, ambayo ni habari nyingine kabisa na nitaifikia.

Namba hazikupangwa kwa hesabu kali, ila zina kumbukumbu ndani yake. 172 ni 170 iliyoondolewa gurudumu la mkiani ikapewa la puani. 182 ilitokana na 180 kwa njia hiyo hiyo. Ndege ya gurudumu la mkiani hukaa imeinua pua, rubani haoni vizuri mbele, na ikitua vibaya hupenda kugeuka mkia mbele. Kuhamisha gurudumu kulifanya watu wa kawaida wajifunze kurusha kwa hofu ndogo. Herufi nazo zinasema. Ya mwisho, kama S katika 172S au H katika 206H, ni toleo: maboresho ya miaka na miaka. Ya mwanzo hueleza umbo au asili: T ni injini yenye tabo, yaani kifaa cha kuisindilia hewa, P ni chumba kinachotunza shinikizo la hewa, na F ni ndege iliyoundwa Ufaransa, katika mji wa Reims, kwa kibali cha Wamarekani.

Sasa mizani. Septemba moja, msimu wa zabibu, nilipanda 206 kwenye uwanja wetu wa mjini, saa nane mchana, kuelekea Ruaha. Tulikuwa abiria wanne. Rubani aliweka mizani chini kivulini, chini ya bawa, kama ile ya kliniki ya watoto wakubwa, akaanza kutupima mmoja mmoja na kuandika kwenye karatasi aliyoikunja gotini.

"Shikamoo mama. Naomba upande pamoja na mkoba wako."

"Marahaba mwanangu. Hata mkoba?"

"Hata mkoba, mama."

Mama alikuwa na makasha mawili ya zabibu anampelekea dada yake. Rubani akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena, kisha akasema kwa upole kwamba makasha yatabaki. Mama akachungulia ndani, akaona kiti cha nyuma hakina mtu. "Kiti kipo kitupu, mwanangu. Zabibu zangu zina kosa gani?"

Swali lile lilistahili jibu, na jibu ndilo moyo wa jambo hili. Viti sita si watu sita. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa 206 wakati wa kuruka ni takriban kilo 1,630. Toa uzito wa ndege tupu, unabakiwa na karibu kilo 600. Matangi yakijazwa mafuta, yanakula kilo 240 hivi. Kinachobaki ni watu wazima watano wa kilo 70, rubani akiwemo, na mkoba mwembamba. Na hizo ni hesabu za karatasi ya kiwanda, ambayo haijui Dodoma.

Uwanja wetu uko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa hutanuka na kuwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona iko zaidi ya mita 1,900. Bawa linapata hewa kidogo ya kulalia, pangaboi linapata kidogo ya kuuma, injini inavuta kidogo ya kuchomea mafuta. Vyote vitatu vinapungua kwa pamoja, kwa hiyo ndege inakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikishanyanyuka inapanda polepole. Ndege ile ile ingekuwa Tanga alfajiri, pengine zabibu zingepanda. Ndiyo maana marubani wengi hupenda kuondoka jua likichomoza, na ndiyo maana wenye uwezo hutafuta T206: tabo yake, kama ile wanayoijua madereva wa malori, huisindilia injini hewa iliyokosekana. Mama alimkabidhi makasha dereva aliyemleta, akapanda. Mimi nilimheshimu rubani yule kuliko angetubembeleza.

Ukielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini Caravan iliteka njia za ndani. 208 iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Nje ina sura ya ukoo: bawa juu, miguu isiyokunjwa, pangaboi moja. Ndani ya pua hakuna pistoni, bali injini ya tabaini, jamii ya injini za jeti, ya Pratt & Whitney Canada; toleo refu la 208B lilipewa farasi 675, na jipya zaidi linafika 867. Hubeba abiria tisa na zaidi, na hapa Tanzania kampuni kama Coastal Aviation na Auric Air zimeitumia sana. Kuna na suala la mafuta, ambalo nadhani lina uzito kuliko farasi. Ndege za pistoni hunywa petroli maalumu ya ndege, ya rangi ya bluu, ambayo katika viwanja vingi vya Afrika hupatikana kwa shida. Caravan hunywa Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa, mafuta yale yale ya ndege kubwa. Panapojaza ndege ya Air Tanzania, na Caravan itajaza.

Usishangae pia ukikuta 206 yenye umri kuliko rubani wake. Mwaka 1986 kiwanda kiliacha kabisa kuunda ndege za pistoni kwa sababu ya gharama za kesi za fidia, hadi sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ilipoweka ukomo wa miaka 18 kwa mashtaka dhidi ya waundaji. Uundaji ulirudi mwaka 1996 kwenye kiwanda kipya mjini Independence, Kansas. Ndege ya miaka ya sabini iliyotunzwa kwa ratiba ya saa zake za kuruka bado ni ndege kamili.

Ukisimama kwenye uzio, tazama hivi. Milango miwili na viti viwili tu: 152. Viti vinne na mwili mwembamba: 172. Mlango mpana wa mizigo wa vipande viwili ubavuni kulia, nyuma ya bawa: 206. Bomba nene la moshi upande wa kulia wa pua, na mara nyingi sanduku refu la mizigo chini ya tumbo: Caravan. Na ukiona bawa la juu lisilo na nguzo ya kulishikilia, miguu ikakunjwa mara tu inapoondoka ardhini, hiyo yaelekea ni 210, mgeni wa nadra. Iangalie vizuri kabla haijapotea nyuma ya mlima.