Kishikio Chekundu na Hewa Nyembamba ya Wilson

Mwanafunzi aliyejifunza kurusha ndege Mombasa anapokuja Nairobi kwa mara ya kwanza, mimi humtazama mkono wa kulia. Anasukuma kishikio cheusi cha nguvu hadi mwisho. Kile chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa, kilicho pembeni yake, ambacho ukikivuta hupunguza petroli, amekiacha kimezama ndani kabisa kama alivyozoea. Injini inanguruma, lakini nguvu hazipo. Ndege inakimbia tu, na njia inazidi kwisha.

Pwani hakufundishwa vibaya. Kule, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote, petroli ya ziada hupunguza kasi ya mwako na kuzuia vichwa vya silinda visipate moto kupita kiasi. Kishikio kinatakiwa kiwe ndani. Tatizo la Nairobi ni hewa. Petroli huhitaji hewa yenye uzito wa karibu mara 15 ya uzito wake ili iungue yote. Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 25 hewa yake huwa nyembamba kama ya futi 8,000 hivi: pungufu ya ile ya pwani kwa karibu moja ya tano. Kabureta haina habari hiyo. Hewa imepungua sana, petroli haikupungua kwa kiasi hicho. Aliyewahi kuwasha taa ya chemli analijua jambo hili: ukipandisha utambi kupita kiasi mwanga hauongezeki, kioo ndicho kinachojaa masizi.

Kitabu cha maelekezo cha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kinaagiza wazi kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Simama umeshika breki, toa nguvu zote, kisha vuta kishikio chekundu polepole huku jicho likiwa kwenye saa ya mizunguko. Mizunguko itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Rudi pale kwenye kilele. Ndege yenye turbo haihusiki hapa, kwa kuwa hewa yake inashindiliwa kabla ya kuingia kwenye silinda. Fuata kitabu chake.

Wengi wanaogopa kwamba kupunguza petroli kutaunguza injini. Hofu hiyo ina msingi pale injini inapotoa nguvu nyingi. Lakini kwenye hewa ya futi 8,000, injini isiyo na turbo hata ukiisukuma hadi mwisho haivuki sana asilimia 75 ya nguvu zake, na katika safari Lycoming, watengenezaji wa injini, wenyewe wanaruhusu kupunguza petroli katika kiwango hicho na chini yake.

Injini inaumia zaidi ardhini, na hili halisemwi vya kutosha. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu, ina madini ya risasi ndani yake. Injini ikizunguka polepole huku petroli imezidi, plagi hazipati joto la kuichoma risasi hiyo, nayo huganda. Mwombe fundi akuonyeshe plagi ya chini ya silinda: utaona vipunje vya kijivu, vigumu kama changarawe, vimejibana kwenye ncha. Yeye hukaa akivibandua kimoja kimoja kwa sindano. Rubani anayakuta matokeo akipima magneto, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, injini inapotetemeka na mizunguko kushuka kupita kiasi. Dawa yake ni kuvuta kishikio mara tu injini inapowaka na kutulia, kabla ya kuanza kutembea kuelekea njia ya kurukia.

Angani kuna hesabu nyingine. Umbali unaoandikwa kwenye kitabu ni wa ndege iliyopunguziwa petroli sawasawa. Ukipanga safari kwa namba hizo, kisha ukaruka juu ya Tsavo na kishikio kikiwa ndani, tangi litakauka kabla ya saa ulizozihesabu.

Ukianza kushuka kuelekea Ukunda au Malindi kule pwani, kirudishe ndani kidogo kidogo kadiri hewa inavyoongezeka. Ukisahau, halafu ukalazimika kuahirisha kutua na kutoa nguvu zote, injini inaweza kutoa mlio wa kugonga au kukukatikia karibu na ardhi.

Kuzima nako hufanywa kwa kishikio hicho hicho. Kivute hadi nje: mizunguko itapanda kidogo, kisha propela itasimama, silinda zikiwa hazina petroli. Zima magneto, toa ufunguo, na usimruhusu mtu kushika propela hata hivyo, kwani waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, cheche bado zipo, na tone la petroli lililobaki linatosha kuizungusha.