Kabla ya Kununua Kifaa cha Kunolea Visu: Tuanze na Pembe

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kuhusu vifaa vya kunolea visu nyumbani yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu amenunua kifaa, kisu kikakata vizuri siku za mwanzo, lakini tangu hapo kila anaponoa anapata makali tofauti. Leo kinapasua karatasi, kesho kinateleza. Karibu kila anayetuandikia anauliza kifaa kipi ni bora, au kinoo cha namba ipi ni kikali zaidi. Tunaelewa nia yake, ila swali la kwanza siyo hilo. Taasisi yetu haipendekezi chapa yoyote, na makala haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Tunachoweza kueleza ni kwa nini matokeo yanayumba, na mfumo upi unamfaa nani.

Makali yasiyobadilika hutokana na pembe isiyobadilika. Visu vingi vya jikoni vya mtindo wa Ulaya hunolewa takribani digrii 20 kila upande. Vya mtindo wa Kijapani, ambavyo kwa kawaida chuma chake ni kigumu zaidi, huwa karibu digrii 15. Visu vizito vya kukatia mifupa huhitaji digrii 25 au zaidi. Ukinoa kwa digrii 17 leo na digrii 22 wiki ijayo, kinoo hakigusi tena mahali kilipogusa mwanzo. Pembe ikiwa ndogo kuliko ya awali, unasaga bega la makali, yaani pale mteremko wa makali unapokutana na ubapa, huku ukingo wenyewe ukibaki butu. Ikiwa kubwa, ukingo unanolewa haraka lakini unazidi kuwa mnene kila mara, hadi kisu kinakuwa kizito kukatia hata kama kimenolewa jana.

Hili linapimika kwa rula. Chukua kisu chenye ubapa wa upana wa milimita 45. Ili kukilaza kwenye kinoo kwa digrii 15, mgongo wake unapaswa kuinuka karibu milimita 11.6, kwa digrii 20, karibu milimita 15.4. Tofauti ya pembe hizo mbili haifiki hata milimita 4. Mkono ukipanda au kushuka milimita moja tu, pembe imehama kwa zaidi ya digrii moja. Anayesema ananoa kwa kukadiria na anapata makali yaleyale kila mara, ama amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ama hajawahi kuyakagua makali yake kwa lenzi.

Kwa hiyo swali la mnunuzi liwe hili: mfumo huu utanisaidiaje kuirudia pembe niliyotumia mara iliyopita?

Kinoo cha bapa kinachotumiwa kwa mkono mtupu hakikusaidii lolote katika hilo. Pembe yote iko kwenye viganja vyako. Ndicho kinachokubali kisu cha umbo lolote na kinachodumu, na aliye tayari kujifunza hatakijutia. Lakini kina masharti yake. Vinoo vya maji huliwa katikati vikawa na bonde, na kinoo chenye bonde hakiwezi kutoa pembe moja hata mkono ukitulia vipi. Chora miraba ya penseli juu yake, kisha ukisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, au kwenye bamba la almasi la chembe kubwa, hadi mistari yote ifutike. Vinoo vya mafuta visipakwe mafuta ya kupikia, kwa kuwa hugandamana na kuziba vitundu vya jiwe. Mabamba ya almasi hayahitaji kusawazishwa, ila ukikandamiza kwa nguvu unang'oa chembe za almasi. Kinachosaga ni chembe, wala si uzito wa mkono.

Mifumo yenye kibano na fimbo, ambapo kisu hubanwa na kinoo huteleza juu ya fimbo inayozunguka kwenye kitovu kimoja, ndiyo tunayoiona ikitoa matokeo yanayolingana zaidi kwa watu wasio mafundi. Hata hivyo ndiyo pia inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi wanatuandikia kwamba pembe inabadilika kadiri kinoo kinavyosogea mbali na kibano. Kwenye sehemu iliyonyooka ya makali haibadiliki, mradi fimbo inazunguka huru kwenye kitovu chake, kwa sababu kitovu hicho na mstari wa makali vinabaki kwenye mteremko uleule. Inabadilika pale makali yanapoanza kupinda kuelekea ncha. Dawa yake ni kuchagua mahali pa kubana kisu ili pembe ya kwenye ncha ikaribiane na ya sehemu nyingine, kuandika mahali hapo, na kurudisha kisu hapohapo kila mara. Bila kumbukumbu hiyo umenunua kibano cha bei kubwa tu.

Jambo la pili ambalo halielezwi vya kutosha kwenye maboksi ni unene wa vinoo. Ukibadilisha kinoo na kuweka kilichozidi unene kwa milimita 5, kwenye mfumo ambao umbali kutoka kitovu hadi makali ni sentimita 20, pembe inahama kwa takribani digrii 1.4. Ndiyo maana mtu anahitimisha kwa kinoo laini kabisa na bado haoni tofauti: kinoo hicho hakikugusa ukingo. Paka makali wino wa makapeni nyeusi, pitisha kinoo mara mbili, kisha tazama wino umefutika wapi. Ukibaki kwenye ukingo, rekebisha fimbo. Fanya hivyo kila unapobadili kinoo.

Vifaa vya kuviringisha, ambavyo kisu hushikwa na kipande chenye sumaku na diski ya almasi ikaviringishwa mezani, ni rahisi na vinarudia pembe vizuri. Upungufu wake ni kwamba pembe zake ni chache, na kisu chenye ubapa mwembamba huenda kisiifikie diski bila kuinuliwa.

Vinoleo vya kuvuta, vile vyenye mfereji wa umbo la V, vinarudia pembe kwa sababu havina nyingine. Vyenye meno ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kisu, havisagi bali vinakwangua, na vinakula chuma kingi na kuacha ukingo uliochanika. Kisu cha kawaida cha chuma laini kitavumilia. Kisu kigumu, chenye 60 au zaidi kwenye Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma, kinaweza kumeguka vipande vidogo. Tumeeleza hili mara nyingi, na bado tunapokea visu vigumu vilivyomeguka vikiambatana na barua zinazomlaumu mtengenezaji wa kisu.

Mashine za umeme zinahitaji tahadhari zaidi. Chuma cha kisu, baada ya kuzimwa, yaani kupozwa ghafla kikiwa cha moto sana ili kiwe kigumu, hupashwa tena kwa joto la chini, kwa visu vingi vya jikoni kati ya nyuzijoto 150 na 250 za Selsiasi, ili kipate ugumu usiokatika kirahisi. Ukingo wa makali ni mwembamba mno na joto la msuguano halina pa kusambaa. Likizidi kiwango kile cha awali, chuma kinalainika. Kwenye chuma cha kaboni rangi ya bluu hutokea karibu na nyuzijoto 300, na ukishaiona, kuchovya kisu kwenye maji hakurudishi ugumu uliopotea. Sehemu hiyo lazima isagwe yote iondoke. Cheche nyingi si dalili ya kunoa vizuri. Tunaomba wananchi waache kupima mashine kwa cheche.

Kuhusu namba za vinoo, ambazo zikiwa kubwa chembe huwa ndogo, tafadhali msilinganishe namba za viwango tofauti. P1000 ya kiwango cha Ulaya cha msasa ina chembe za takribani maikromita 18. 1000 ya kiwango cha Kijapani ina chembe ndogo zaidi ya hizo. Kwa kisu cha jikoni, kinoo cha kati ya 800 na 1200 cha Kijapani kinatosha kwa kazi nyingi, na cha 3000 kwa anayetaka kulainisha. Cha 220 hadi 400 ni cha kutengeneza makali yaliyovunjika. Namba kubwa haiokoi makali ambayo kinoo cha kwanza hakikuyamaliza.

Na kuyamaliza kuna alama moja tu: mkunjo mwembamba wa chuma unaojitokeza upande wa pili, kuanzia kisigino hadi ncha. Papasa kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usipapase kwa urefu wake. Usipousikia mkunjo, usihamie kinoo kingine. Ukishausikia pande zote mbili, uondoe kwa mapito mepesi ya kupokezana pande, kisha pitisha makali kwenye kipande cha ngozi, mgongo ukitangulia. Mkunjo usioondolewa hukata vizuri siku moja na kulala siku ya pili. Malalamiko mengi ya "kifaa kimeharibika baada ya wiki" yanatokana na hapa.

Anayeamini kwamba kifaa chenyewe kina kasoro afuate utaratibu ufuatao. Aache kukitumia mara moja. Apige picha ya makali kwa karibu, pande zote mbili, na picha ya namba ya bidhaa. Atunze risiti na boksi. Aandike pembe aliyoweka, vinoo alivyotumia na mpangilio wake. Maelezo ya "nilinoa kawaida" hurudishwa kwa mwombaji na shauri halifunguliwi hadi yakamilike. Kisu kinacholetwa kwa ukaguzi kifungwe kwenye kadibodi ngumu na utepe, makali yasionekane, na bahasha iandikwe kwamba ndani yake kuna kisu. Kisichofungwa hivyo hakipokelewi mapokezi, bila kujali uzito wa lalamiko. Mashine iliyoondolewa kinga ya gurudumu haikaguliwi, na kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji huwa imekwisha pale kinga ilipoondolewa. Kisu kilichopitishwa kwenye tupa au mashine nyingine baada ya tatizo kutokea hakiwezi kutumika kama ushahidi, kwa kuwa alama za kifaa cha kwanza zimefutika.

Visu vya meno na vya kauri havihusiki na maelezo haya. Vya meno hunolewa jino kwa jino kwa fimbo nyembamba iliyochongoka, upande wenye mchongo pekee. Vya kauri hukubali almasi tu, na tunashauri virudishwe kwa mtengenezaji.