Ua Kung'aa Kwenye Giza: Dhana Potofu na Ukweli

"Mandhari nyeusi ya picha ya ua hutengenezwa kwenye programu ya kuhariri." Ukikata ua kwa kidole na kulibandika juu ya weusi, kingo za petali zitaonekana zimekwanguliwa. Weusi wa kweli hupatikana kabla ya kubonyeza kitufe: ua liwe kwenye jua, kilicho nyuma yake kiwe kivulini. Tundika kitambaa cheusi mita moja au zaidi nyuma ya ua, kwenye kivuli cha ukuta. Kisiwe cha kung'aa. Velveti humeza mwanga, satini huurudisha na kuanika kila mkunjo. Huna kitambaa? Weka chungu cha waridi kizingitini, nyuma yake mlango wa stoo ukiwa wazi na taa ya ndani imezimwa. Inatosha kabisa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Simu ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, huongeza mwangaza, kitambaa kinakuwa kijivu na petali zinaungua, yaani zinakuwa nyeupe mno bila undani. Shikilia kidole juu ya petali hadi fokasi (sehemu inayoonekana kwa ukali) ijifunge, kisha vuta alama ya jua chini mpaka mishipa ya petali ionekane. Mwenye kamera aanze na ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga), f/8 (tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua) na shata 1/250 (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde) kwenye jua la asubuhi, kisha arekebishe shata peke yake.

"Jua likiwa kali, picha inatoka safi." Chukua mfano wa Dodoma: iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu juu ya utosi, na miezi mingine halipungui sana. Mwanga wa namna hiyo huunguza juu ya ua na kuacha tumbo lake jeusi. Piga kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, jua likitoka ubavuni au nyuma ya ua. Mwanga ukipenya petali, ua huwaka lenyewe. Upande wenye kivuli ushikie karatasi nyeupe. Na hibiskasi haisubiri: ua moja kwa kawaida huishi siku moja tu.

"Ua jekundu likizidi kukozwa, linazidi kuvutia." Hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote. Kwenye picha ya JPEG kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu ina ngazi 0 hadi 255. Katika waridi jekundu, nyekundu hufika 255 mapema kuliko nyingine. Ikifika hapo petali nzima inakuwa doa moja, na hakuna uhariri utakaorudisha mishipa. Punguza mwangaza wakati wa kupiga. Kwenye kuhariri, shusha ukolevu wa nyekundu peke yake kwa 10 hadi 20, shusha pia mwangaza wa nyekundu, kisha ongeza utofauti kidogo. Ua litaonekana zito, kama kitambaa.

"Ukungu mwingi nyuma ya ua, yaani mandhari isiyoonekana wazi, ndio utaalamu." Ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye ua kwa f/1.8, kinachoonekana vizuri ni milimita chache tu. Tumia f/8 hadi f/11. Weusi wa nyuma umeshamaliza kazi ya ukungu. Modi ya potreti ya simu, inayotia ukungu nyuma kwa programu, ni hatari kwa hibiskasi: ule mkono mrefu wenye chavua mara nyingi hukosewa na kufutwa ncha. Kwa bogenvilia, fokasi isiwe kwenye zile karatasi za rangi. Hayo ni majani. Maua yenyewe ni vile virija vidogo vyeupe katikati, kwa kawaida vitatu.

"Nyunyiza maji, picha itapendeza." Kiangazi petali zimejaa vumbi jekundu, na maji juu ya vumbi hufanya madoa ya tope. Piga brashi laini kavu kwanza. Matone yakikauka upesi, changanya maji na gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu.

Usiharirie juani skrini ikiwa imepandishwa mwanga hadi mwisho: utashusha picha kupita kiasi, na kwa mwenzako ua litazama gizani. Kaa ndani, weka mwanga wa skrini nusu, kisha shusha kitelezi cha weusi (Blacks) kidogo kidogo hadi mikunjo ya kitambaa ipotee.