Kutembezwa maktaba si kufundishwa maktaba

Kila Novemba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama kwenye kompyuta ya katalogi, akaandika kichwa kizima cha asaimenti yake, maneno kumi na tano, akapata sifuri. Hunigeukia: "Dada, humu hamna kitabu changu." Mara nyingi kipo, rafu mbili kutoka alipo. Nimekuwa mkutubi wa chuo hapa Dar es Salaam miaka kadhaa, na hizi ndizo dhana ninazokutana nazo.

"Maktaba nilishafundishwa wiki ya kwanza."
Wiki ile ulionyeshwa mlango, mahali pa kuacha begi na saa za kufunga. Kichwani ulikuwa na usajili, chumba cha hosteli na bumu, yaani mkopo wa masomo, litaingia lini. Hukuwa na swali lolote la kutafutia jibu, ndiyo maana hukubaki na kitu. Mafunzo hushika yakifungwa kwenye kazi unayodaiwa. Tuseme umepewa mada ya mafuriko ya Jangwani na wafanyabiashara wadogo. Tunaivunja: mafuriko, Dar es Salaam, biashara ndogo. Kila neno tunalitafutia visawe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa majarida mengi ni ya Kiingereza. Kwenye kisanduku cha kutafutia, visawe tunaviunga kwa OR ("au", lolote kati yake likubalike), mawazo tofauti kwa AND ("na", yote yawepo), na maneno yanayokwenda pamoja tunayafunga ndani ya alama za nukuu. Sifuri inageuka makala za kuchagua.

Halafu namba iliyo mgongoni mwa kitabu, inayopanga vitabu rafuni kwa mada. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, historia ya Tanzania ni DT436 hadi 449 na Kiswahili kinaanzia PL8701. Kwenye Dewey, mfumo mwingine wa kupanga vitabu, historia yetu ni 967.8. Anayejua hivyo hafuati kitabu kimoja tu, huangalia na majirani zake rafuni. Nimeona wengi wakipata kitabu bora kuliko walichokuja kukitafuta.

"Kila kitu kipo Google."
Kichwa cha makala kipo, makala yenyewe mara nyingi imefungwa na inadai dola. Chuo huwa kimeshalipia au kimepewa njia ya kuisoma. Wanaosoma udaktari na uuguzi wana Hinari, mpango wa kusomea majarida ya afya mtandaoni ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa ajili ya nchi kama yetu. Inaniuma kuona mwanafunzi anachangisha hela ya makala ambayo angeifungua bure kwa akaunti ya maktaba. Siku hizi wananiletea pia orodha za marejeo zilizotungwa na programu za akili mnemba: jina la mwandishi linaaminika, jarida lipo kweli, makala haijawahi kuandikwa. Kumfundisha mtu kuhakiki rejeo moja kunamwokoa mbele ya msimamizi wake.

"Jengo likiwa zuri, matumizi yatakuja."
Maktaba mpya ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000. Ni neema kubwa. Ila viti kujaa ni jambo moja, vitabu kusomwa ni jingine. Hapa kwetu wengi huja na madesa yao, yaani notsi za kupeana, kufuata meza, umeme na utulivu, na wana haki hiyo, maana chumba cha hosteli chenye watu wengi hakisomeki. Tofauti naiona baada ya mafunzo: wale wale huanza kuuliza majarida, na maswali yao yanabadilika kutoka "kiko wapi" hadi "nitafute vipi".

"Mafunzo ni ya wageni."
Wanaoyahitaji zaidi ni wa mwaka wa mwisho na wa uzamili, wanaopitia maandiko ya wengine kabla ya utafiti. Mkusanyiko wa East Africana pale Mlimani, wa maandiko yahusuyo Afrika Mashariki, kwa mfano, una mambo ambayo hutayakuta ukitafuta kwa simu tu. Inabidi uingie na uulize.

Ukija kwangu, njoo na kichwa cha kazi yako na kalamu. Nusu saa inatosha kuanza.