Mganga hajigangi, lakini nani amgange?

Kila ninapofundisha wauguzi na wakunga kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, huwauliza kwanza ni nani kati yao ameshapimwa mwenyewe. Mikono inayoinuka huwa michache, na waliobaki huinamia madaftari yao. Siwalaumu, kwani mimi mwenyewe nilipimwa nikiwa na miaka 38, wakati nilikuwa nimekwisha kuwapima wenzangu kwa miaka tisa.

Hawa si watu wasiojua. Wanafahamu kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV, na kwamba aina ya 16 na ya 18 peke yake huhusika na takribani asilimia 70. Wanafahamu pia kuwa ugonjwa huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, au miaka 5 hadi 10 iwapo kinga ya mwili imedhoofika, na kwamba muda huo wote ni nafasi ya kuuwahi. Tena kipimo chenyewe wanacho mikononi: mlango wa kizazi hupakwa siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, mpimaji husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pametokea weupe, ambao huashiria mabadiliko ya awali. Mabadiliko ya awali yanayokidhi vigezo huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto.

Kwa maoni yangu, kinachowazuia ni faragha. Katika vituo vingi vya afya, aliyepata mafunzo ya kipimo hiki ni mtu mmoja au wawili, nao ni wale wale unaokunywa nao chai na kupokezana nao zamu. Kumvulia nguo mgeni ni jambo moja. Kumvulia binti uliyemfundisha kazi mwaka jana, halafu kesho umkaripie kwa kuchelewa kujaza rejista, ni jambo jingine kabisa. Na rejista yenyewe ina mambo yake, maana mpimwaji huulizwa pia hali yake ya VVU, na majibu hayo hukaa kwenye daftari linalofunguliwa na kila aliye zamu. Ndiyo maana naona methali ya mganga hajigangi, ambayo wengi huisema kwa kututania, inaeleza hali halisi: mganga hawezi kujiganga, na mganga wa pili aliyepo ni jirani yake.

Woga nao upo, na kwetu huwa mkubwa zaidi, kwa sababu tumewaona wanawake wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa.

Kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa kipaumbele katika mwongozo wake wa 2021, kinaweza kupunguza tatizo hili, kwa kuwa mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, akiwa peke yake chooni, na sampuli ikapelekwa maabara kwa namba badala ya jina. Atakayekutwa na virusi bado atahitaji kuchunguzwa, lakini ni wachache, nao wanaweza kupewa rufaa kwenda kituo kingine. Hadi kipimo hicho kitakapotufikia sote, nadhani waganga wakuu wa wilaya wangeweza kukubaliana kubadilishana watumishi, wa kwetu wakapimwe kwenu na wa kwenu waje kwetu.

Mimi nilipanda basi hadi wilaya ya jirani siku ya mapumziko, nikakaa kwenye foleni bila sare. Mkunga akaniambia, “Dada, legeza mapaja, haiumi,” maneno niliyokuwa nikiyasema mimi kila siku, na chuma cha baridi kiliponibana nikagundua kwamba yalikuwa nusu ya ukweli. Siku hizi nawaambia akina mama kwamba watahisi ubaridi, watabanwa kidogo, na siki inaweza kuwachoma kwa muda mfupi.