Hisa na Siri za Kampuni: Aliyeambiwa Naye Ana Kesi ya Kujibu

Swali ambalo wawekezaji wadogo wa Mombasa hutuuliza mara nyingi ni hili: "Mimi si mfanyakazi wa kampuni ile, nimeambiwa tu siri yake na shemeji yangu, nikanunua hisa; kosa langu liko wapi?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la wazi, kwa sababu wengi huamini kwamba sheria inawahusu wakurugenzi na mameneja peke yao.

Sheria ya Masoko ya Mitaji ya Kenya, Sura ya 485A, haitazami cheo cha mtu bali inatazama taarifa aliyo nayo na ilikotoka. Taarifa huhesabiwa kuwa ya ndani ikiwa inahusu kampuni fulani, ni mahususi na si uvumi wa jumla, haijatangazwa kwa umma, na lau ingetangazwa ingeibadilisha bei ya hisa kwa kiasi kikubwa. Anayeipata kwa kazi yake ni mtu wa ndani. Anayeipata kutoka kwa mtu huyo, huku akijua chanzo chake, naye ni mtu wa ndani, hata kama hajawahi kukanyaga mlango wa kampuni hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa ofisi moja ya wanasheria mjini anatoa nakala za mkataba wa kampuni moja kuinunua nyingine. Usiku, barazani Mji wa Kale, anamdokezea shemeji yake, naye kesho yake anampigia dalali wa hisa simu na kununua. Shemeji ametenda kosa kwa kununua. Karani, ambaye hakununua hata hisa moja wala hakupewa senti, ametenda kosa kwa kuitoa siri nje ya kazi yake. Hata angesema tu, "Wewe nunua, usiniulize sababu," bado angekuwa na hatia, kwani kumhimiza mtu anunue ukiwa na taarifa ya ndani kumekatazwa sawasawa na kumpa taarifa yenyewe. Hapa ndipo watu wema wanaponaswa, nami naona ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa nia yao huwa ni kumfaa jamaa.

Thamani ya siri ya namna hii si ya kufikirika. Mwezi wa Julai 2024, kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitangaza kutaka kuinunua Bamburi, kampuni ya saruji ambayo kiwanda chake kila mkazi wa hapa anakijua, kwa shilingi 65 kwa kila hisa, bei iliyoizidi sana ile ya sokoni wakati huo. Simshuku mtu yeyote katika shughuli hiyo. Nataka tu msomaji apime uzito wa kuijua habari kama hiyo siku moja mapema, huku anayekuuzia hisa zake hajui lolote. Mwaka 2018, Rubis ya Ufaransa ilipotangaza nia ya kuinunua KenolKobil, kampuni ya mafuta ya Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia biashara ya hisa nchini, ilizuia baadhi ya akaunti ili kuchunguza ununuzi uliofanyika kabla ya tangazo.

Kuuza nako kumo. Kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa ikitarajia faida yake kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, hulazimika kuutangazia umma. Anayedokezwa kabla ya tangazo hilo, akauza upesi, ameikwepa hasara na kumtwika mnunuzi asiyejua.

Kwa kosa la kwanza, mtu binafsi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 2.5 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, pamoja na kulipa mara mbili ya faida aliyoipata au hasara aliyoiepuka. Kutumia akaunti ya mke au ya ndugu hakumfichi mtu, kwa kuwa kila ununuzi huacha kumbukumbu katika akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ambamo hisa za mtu huwekwa, nayo Mamlaka ina uwezo wa kuzidai kumbukumbu hizo.

Kusoma hesabu zilizochapishwa, kufuatilia magazeti na kuwa na maoni yako kuhusu kampuni ni halali kabisa. Lakini ukidokezwa jambo ambalo kampuni haijalitangaza, usinunue, usiuze, wala usimpelekee mwingine mpaka litangazwe rasmi. Na ikiwa umekwisha kununua, muone wakili kabla hujaziuza hisa hizo.