Mashua nzito haipandi trela kwa misuli

Wengi hudhani mashua ya tanga ya kilo 200 hupakiwa kwa kukusanya vijana sita na kuhesabu moja, mbili, tatu. Hapo ndipo migongo huumia. Mashua haiinuliwi, huvutwa. Trela ikiwa imefungwa kwenye gari na magurudumu yametiwa kabari, inua omo tu, yaani mbele ya mashua, ikae juu ya rola ya nyuma ya trela. Kutoka hapo winchi, kifaa cha kuvuta kwa kukunja kamba, inatosha: mmoja azungushe, mwingine ashike tezi, yaani nyuma ya mashua, isiyumbe. Asisimame mtu usawa wa kamba. Ikikatika, huchapa vibaya.

Na wale wanaorundika nanga na injini nyuma "gari lisielemewe"? Trela yenye mkia mzito huyumba barabarani. Uzito uelemee mbele kidogo.